Kwaheri Yangu Ilisafiri Bila Mimi

Hilke Wesselink,
Nyumba ya Wageni ya Bibi Koper, ghorofani,
IJmuiden.
Ijumaa asubuhi.

Kwa Msimamizi wa Malalamiko ya Abiria,
Kampuni ya Meli ya Waterhoen,
Bandarini, IJmuiden.

Mheshimiwa Msimamizi,

YAH: KUPOTEA KWA KWAHERI MOJA YA FAMILIA NDANI YA MELI YENU

Natumaini barua hii inakukuta na afya njema, umeketi mahali pasipofikiwa na upepo. Mimi umenifikia, na masikio yangu bado yanauma.

Kichwa cha barua kingemtosha mtu mwenye akili. Lakini tangu jana nimezungumza na watumishi watatu wa kampuni yako, na wote, baada ya kunisikiliza kwa uvumilivu ambao nadhani walifundishwa kwenye semina, waliniuliza kama kilichopotea ni begi. Si begi. Begi ninalo, liko chini ya kitanda. Kilichopotea ni kwaheri. Iliondoka jana jioni na meli yenu kwenda Newcastle, ikapokelewa na mtu asiyehusika, na mimi niliyeandaliwa kwaheri hiyo nimebaki hapa, mtu aliyekwisha kuagwa lakini hajaondoka. Sijui kama sheria za bahari zina jina la mtu wa namna hiyo. Nyumbani kwetu hatuna.

Ili usidhani ninatania, nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba.

1. Kijitabu chenu. Kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu mnachowatumia abiria pamoja na tiketi mmeandika: "Fika mapema, uyafurahie mazingira ya bandari yetu." Aliyeandika hayo huenda alikuwa na nafasi ya kujaza tu. Hakufikiri kwamba kijitabu kingefika Borculo, karibu na mpaka wa Ujerumani, mikononi mwa mama yangu, ambaye chochote kilichopigwa chapa hukitekeleza. Mama aliisoma sentensi hiyo kwa sauti mezani, akavua miwani, akasema, "Basi tunakwenda Jumatano." Meli ilikuwa ya Alhamisi. Tulikuja kwa magari mawili: Mama, Baba, Shangazi Riekie ambaye ni dada yake Baba, na Mjomba Harm ambaye ni kaka yake Mama, pamoja na viti vya kukunja, chupa za kahawa, na mkate wa zabibu wenye ukubwa wa mtoto mchanga. Aliyekuwa akisafiri ni mimi peke yangu.

Mazingira tuliyafurahia hivi. Tulikitazama kiwanda cha chuma ng'ambo ya mfereji, kikitoa moshi wa rangi ambazo moshi hauna ruhusa ya kuwa nazo. Tuliyatazama mahandaki ya zege ya wakati wa vita, yaliyojaa mchanga na makopo ya bia. Tulipanda vilima vya mchanga ili tuione bahari, na bahari ilipotuona ikatutupia vilima hivyo machoni. Mjomba Harm alinunua samaki mbichi wa chumvi mwenye vitunguu, akamshika mkia, akainua uso kama kila mtu afanyavyo, na shakwe akashuka akamchukua kabla hajafika mdomoni. Mjomba akabaki na mdomo wazi na vitunguu kwenye ndevu.

"Harm," Shangazi Riekie akamuuliza, "haya ndiyo mazingira yenyewe, au bado?"

"Bado," akajibu, akijipangusa ndevu kwa kijitabu chenu. "Imeandikwa tuendelee mpaka kwenye mnara wa taa."

"Mimi nimeshafurahi vya kutosha. Nirudisheni kwenye gari nikafurahie humo."

2. Mwendo wa meli yenu. Unajua kama ninavyojua mimi kwamba katika nchi hii mgeni hajaondoka mpaka apungiwe mkono. Watu wote wa nyumba hutoka nje, hata kama mvua inanyesha, husimama barabarani kwa soksi, na mkono haushuki mpaka gari lipinde kona na kupiga honi. Nimelelewa katika desturi hiyo na ninaidharau. Nimeichunguza kwa makini, kama ninavyochunguza vinamasi, ambavyo ndivyo taaluma yangu na ndiyo sababu ya kwenda Newcastle kwa miaka minne, na nimegundua kwamba ni njia ya watu wasioweza kusema neno la maana kupata kazi ya kuwapa mikono yao.

Familia yetu ina imani kali zaidi. Kwetu mtu akishapungiwa mkono ameondoka, basi. Mjomba Harm aliwahi kusahau miwani yake nyumbani kwetu. Akarudi kwa mlango wa nyuma, akapita jikoni ameinama kama mwizi, na Mama, aliyekuwa akiosha vyombo, akageukia ukuta mpaka Mjomba alipotoka. Hakuna aliyecheka. Mimi nilicheka, nikapelekwa chumbani.

Sasa, gari hupinda kona upesi. Meli yenu haina kona. Hujitenga na bandari kama mtu anayetoka kanisani kabla ya mahubiri kwisha, hukipita kisiwa chenye ngome, hujikokota kati ya kuta mbili za mawe, na baada ya hapo huendelea kuonekana juu ya maji yaliyo bapa, ikipungua kidogo kidogo, bila haya. Mikono ya watu wa makamo itakaa juu muda gani? Mliipa kampuni jina la Waterhoen, ndege anayeogelea kwenye mitaro na asiye na haraka ya kufika popote, na nakiri kwamba katika hili mlisema kweli.

3. Kuagwa mchana. Lalamiko hili linatokana na lile la pili. Mama aliuliza huku na huku, akaambiwa na muuza samaki kwamba mahali pazuri pa kuipungia mkono meli yenu ni mwisho kabisa wa Gati la Kusini, ule ukuta mrefu wa mawe unaoingia baharini. Lakini ni mbali, na watu huwahi nafasi. Kwa hiyo familia yangu iliniaga kwenye jengo lenu la abiria mara tu baada ya kula mikate ya mchana, ili wapate muda wa kutembea mpaka huko na kuviweka viti vyao. Mabusu matatu kila mmoja, shavu la kushoto, la kulia, la kushoto, kama karani anayepiga mihuri.

"Umechukua soksi za sufu?" Mama akauliza.

"Nimechukua."

"Zile nene?"

"Zile nene, Mama."

"Haya basi."

Hayo ndiyo maneno ambayo mama yangu alikuwa ameniwekea kwa miaka yote minne ijayo. Nilimngoja aongeze. Alikishika kifungo cha juu cha koti langu la mvua, koti la manjano, akakifungua, akakifunga tena. Baba akazitazama bendera za bandarini. "Upepo wa magharibi," akasema. "Utawapiga puani." Kisha wakaondoka, viti mabegani. Hakuna aliyegeuka kunipungia mkono. Walikuwa wanaiweka mikono akiba.

4. Malango ya maji. Nikiwa peke yangu na mchana mzima mbele yangu, nilifanya kosa la kukifungua kijitabu chenu ukurasa wa mwisho. Mmeandika: "Usikose kuyaona malango makubwa ya maji." Sikuyakosa. Nilikodi baiskeli, nikavuka juu ya malango hayo yanayotenganisha mfereji wa Amsterdam na bahari, nikafika upande wa pili, nikageuka ili nirudi, na malango yakafunguliwa kupitisha meli ya kubebea magari, isiyo na dirisha hata moja, ndefu kama mtaa wetu na yenye kimo kikubwa kuliko kanisa letu. Barabara niliyopitia ikawa maji.

Waendesha baiskeli wote wakashuka bila kunung'unika, wakafungua mikate yao. Wenyeji wa hapa wana tumbo maalumu kwa ajili ya kusubiri malango. Mimi nilikuwa nikirukaruka juu ya kanyagio.

"Una haraka, binti?" akaniuliza mwanamke mmoja mwenye mbwa ndani ya kikapu.

"Nina meli."

"Na yule pale juu pia anayo," akasema, akielekeza kidevu kwa nahodha. "Tena ya kwake ni kubwa. Shika, kula kipande cha jibini."

Katika kijitabu chenu chote hakuna mahali mnapoeleza kwamba malango hayo huonekana vizuri zaidi yakiwa yamekuzuia.

5. Dirisha lenu la tiketi. Malango yaliponiachilia nikafika, lilikuwa limefungwa. Nyuma ya kioo alikuwepo msichana wa rika langu, mwenye uso mwema, na hilo lilinikasirisha zaidi.

"Pole dada, tumefunga."

"Lakini meli ipo. Naiona nyuma yako."

"Ndiyo, ipo. Ngazi ndiyo haipo."

"Familia yangu iko mwisho wa gati. Wanangoja nipite."

"Si uwapigie simu?"

Nilipiga. Nilipiga kwa kila mmoja wao. Katika upepo ule, na mikono yote ikijiandaa, hakuna aliyesikia. Msichana akanipa nafasi katika meli ya leo jioni, akanitakia jioni njema, akashusha pazia. Honi yenu ikalia. Nikapanda baiskeli nikaelekea gatini, nikiukabili upepo ambao Baba alikuwa ameutabiri sawasawa, isipokuwa kwamba aliyepigwa puani ni mimi.

6. Wizi. Naomba hapa usome polepole, kwa mwendo wa meli yenu.

Meli ilinipita nikiwa bado njiani. Nilipokaribia mwisho wa gati, baiskeli nikiisukuma, niliiona migongo yao. Mama alikuwa amepanda juu ya bonge la zege la kuvunjia mawimbi. Alikuwa amekuja na kitambaa cha meza cha jikoni kwetu, chekundu chenye miraba, anakipeperusha kwa mikono miwili. Na juu kwenye sitaha, upande unaotazama gati, alisimama mtu aliyevaa koti la mvua la manjano. Koti hilo huuzwa kila mji wa nchi hii. Mama hakufikiria hilo, kwa sababu Mama alikuwa akilitafuta moja tu.

"Yule pale! Yule wa manjano!" akapiga kelele. "Harm, kule juu! Wewe unapungia bomba la moshi!"

"Namwona, namwona. Mbona amenenepa?"

"Ni zile soksi," Shangazi Riekie akasema.

Mtu huyo angeweza kusimama kimya. Angeweza kuangalia kushoto na kulia, kama mtu muungwana, akajiuliza kama kitambaa kile kilikuwa chake. Badala yake aliinua mkono. Kisha akainua wa pili. Kisha, Mheshimiwa, akaruka. Kwa kumbukumbu zako, mimi sirukaruki. Nina miaka ishirini na sita na mama yangu hajawahi kuniona nikiruka kwa ajili yake. Na Mama alipomwona mwanawe akiruka kwa ajili yake, akaanza kulia, na akaanza kusema.

Mama yangu, yule wa soksi nene. Alisema maneno ambayo sitayaandika hapa, kwa sababu si ya kampuni, na inaonekana si yangu pia. Aliyasema kwa sauti kubwa, akiielekea bahari, kwa uhuru wa mtu anayejua hakika kwamba anayemwambia hawezi kumsikia. Mimi nilikuwa nyuma yake, karibu kiasi cha kuweza kuushika mkoba wa Shangazi. Nilisikia kila neno.

Lakini aliyenishangaza ni Baba. Baba hapungi mkono. Wageni wakiondoka, yeye husimama mlangoni, mikono mfukoni, akilalamika kwamba upuuzi huu unaingiza baridi ndani ya nyumba. Dharau yangu niliirithi kwake. Ndilo jambo pekee ambalo tumewahi kukubaliana, na hata hilo hatukulizungumza. Jana alivua kofia yake, akaipunga. Wengine walipochoka na kuanza kukunja viti, Baba alikuwa bado anaipunga. Meli ilikuwa imekuwa ndogo kama kidonge, na yeye anaipunga.

"Berend, inatosha," Mama akamwambia, akipenga kamasi. "Hatumwoni tena."

"Sisi hatumwoni," Baba akasema. "Yeye huenda bado anatuona."

Ningeweza kuondoka kimyakimya kwa mlango wa nyuma, kama gati lingekuwa nao. Nikasema, "Mama."

Wote waligeuka. Mama aliniangalia, akaiangalia bahari, akaniangalia tena.

"Sasa yule ni nani?"

"Sijui, Mama. Nimechelewa. Malango ya maji…"

"Unafanya nini huku, Hilke? Tumeshakupungia!"

"Nimepunga mpaka bega likalia, kumbe nampungia Mwingereza?" akasema Mjomba Harm.

"Tena tumemaliza kahawa," akasema Shangazi Riekie, akiitikisa chupa ili nisikie utupu wake.

Baba alivaa kofia, akaishusha mpaka kwenye nyusi, akaenda kuitazama baiskeli yangu kama ina upepo wa kutosha.

7. Matokeo. Tulirudi wote kwa Bibi Koper. Mezani niliwekewa sahani, lakini hakuna aliyejua aitazame vipi. Mama alinipitishia viazi huku akiangalia kalenda ukutani. Si hasira, najua hasira yake. Ni aibu. Amemwambia mtu asiyemjua kila kitu alichokuwa nacho, na sasa aliyekusudiwa ameketi mbele yake anaomba chumvi. Nilisema, kwa sauti ndogo, kwamba kuna meli nyingine kesho.

"Tunajua," Mama akasema. "Utaondoka tu. Mtu hapungiwi mara mbili, Hilke. Si sherehe ya kuzaliwa."

Leo asubuhi ameanza kufunga mizigo. Wanarudi Borculo. Jioni nitapanda meli yenu, nitasimama kwenye sitaha, na Gati la Kusini litakuwa na wavuvi wa ndoano na mabonge ya zege.

Mtu asiye makini angedhani ninasikitika. Sisikitiki. Hiki ndicho nilichokitaka tangu nilipokuwa mdogo na kusimamishwa barabarani kwa soksi zilizolowa: kuondoka kama mtu mzima, bila vitambaa vya meza. Nimekipata. Ninalalamika tu kuhusu namna nilivyokipata, na kwa ajili ya abiria watakaokuja baada yangu. Kwa hiyo naomba kampuni yako ifanye yafuatayo, ambayo nimeyafikiria tangu alfajiri.

Kwanza, kupunga mkono kupigwe marufuku kutoka bandarini mpaka meli isionekane. Kama mnaweza kuzuia uvutaji wa sigara, mnaweza kuzuia na hili, ambalo hukera macho zaidi na hukaa mapafuni muda mrefu.

Pili, kwa kuwa najua marufuku hiyo haitaheshimiwa na watu kama mama yangu, sitaha ya kushoto ijengewe ukuta. Madirisha ya upande huo yapakwe rangi nyeusi. Abiria akitaka kuiona nchi yake, anunue picha yake dukani kwenu, ambako nina hakika mnaiuza.

Tatu, kwa kuwa mpunga mkono aliye gatini atapungia ukuta huo vilevile, akiamini kwamba nyuma yake kuna mwanawe, naomba abiria wasiwepo kabisa. Wapitishwe kwa siri, kwa lori, na kupakiwa pamoja na maua na nyanya zinazokwenda Uingereza. Meli iondoke tupu mbele ya watu, isafiri mpaka ipotee, kisha abiria wafuate baadaye kwa meli nyingine ambayo haijatangazwa. Familia zitakuwa zimepunga, abiria watakuwa wameondoka, na mambo hayo mawili hayatakutana tena na kuleta madhara.

Nne, makoti ya mvua ya manjano yakusanywe langoni.

Tano, na hili ndilo la haraka, naomba nirudishiwe kwaheri yangu. Yule mtu anajulikana; muulizeni kila mhudumu ni abiria gani alirukaruka. Atafutwe Newcastle, arudishwe na meli yenu ya kwanza kwa gharama zenu, na inapopita Gati la Kusini asimame palepale na kuipunga kuelekea nchi kavu, yote, pamoja na kuruka, mpaka iishe mwilini mwake. Mimi nitakuwa gatini kuipokea. Akikataa kwa kisingizio kwamba aliipokea kwa nia njema, mwambieni kwamba hata samaki wa Mjomba Harm alipokelewa na shakwe kwa nia njema. Mwambieni pia kwamba kitu hiki huharibika upesi, na kwamba ndani yake yamo maneno ambayo mwenye kuyasema hatayasema tena, kwa sababu nilikuwa nimesimama nyuma yake na sasa anajua kwamba niliyasikia.

Sina la zaidi. Ninaamini kampuni inayoweza kunitumia kijitabu cha rangi mpaka Borculo haitashindwa na jambo dogo kama hili.

Msalimie msichana wa dirishani. Mwambie hakukosea, na kwamba hilo halimsaidii. Msalimie nahodha na wote walio chini yake. Msalimie mwanamke mwenye mbwa kikapuni ukimkuta malangoni, jibini yake ilikuwa nzuri. Na mtu wa koti la manjano, ukimpata kabla yangu, msalimie pia, lakini kwa kifupi, asije akajibu kwa kuruka.

Wako katika kudai haki, nikiwa nimeshaagwa na bado nipo,

Hilke Wesselink

Nyongeza: Nilikuwa nimeshafunga bahasha nikalazimika kuifungua, kwa hiyo samahani kwa gundi.

Magari hayajaondoka. Wakati wa kahawa Baba alisema, akiangalia kikombe chake, kwamba anadhani alisahau kiti kimoja gatini. Viti vyote vinne vimo nyuma ya gari. Nimeviona mwenyewe, na Mjomba Harm ndiye aliyevipakia. Mama hakusema kwamba vimo. Alisema, "Utakibebaje peke yako na mgongo huo? Nitakuja nawe." Shangazi Riekie akasema basi waende wote, asije mtu akapeperushwa baharini. "Saa ngapi?" akauliza Mjomba Harm. "Jioni hivi," Baba akajibu, "upepo ukitulia." Upepo hautatulia. Nimeusikia utabiri, na Baba pia ameusikia, tulikuwa mbele ya redio pamoja.

Kisha nilipofungua begi kutafuta stempu nilikuta juu ya soksi kitambaa cha meza, chekundu chenye miraba, kimepigwa pasi na kukunjwa. Hakuna anayekiri kukiweka.

Kwa hiyo ukuta naomba msiujenge leo, wala msipake madirisha rangi, na nyanya zisafiri peke yao. Mwambie nahodha kwamba mwendo wa jana ulikuwa mzuri na asiuongeze, na kama ana sababu yoyote ya kupunguza, asijizuie kwa ajili yangu. Mahali pale kwenye sitaha ya kushoto, alipokuwa amesimama yule mtu, naomba pafungwe kwa kamba mpaka nifike. Nitawahi. Baiskeli nimeshairudisha, na malango sitayasogelea.

Nitavaa koti la manjano, lakini safari hii nitashika kitambaa. Na kama ikibidi, mkinihakikishia kwamba watumishi wenu hawatanitazama, nitaruka.